Kabla ya kikokotoo kuna miezi 180

Tangu mwaka 2018 Watanzania tumekuwa na ugomvi mmoja mkubwa wa pensheni, nao ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi, kanuni mpya zilikuja na mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, wa asilimia 25. Kelele zikapigwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa tena: 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Bungeni, redioni, kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu na manesi, kila mtu alikuwa na asilimia yake.

Sina ugomvi na mjadala huo. Ninachosema ni kwamba ulikuwa mjadala wa watu waliokwisha kuingia ndani. Kikokotoo kinakokotoa pensheni ya mtu aliyefuzu kuipata. Mkata miwa wa msimu, saidia fundi wa kwenye majengo, mchuma chai anayeitwa majani yakishamiri, kijana wa tempo anayefundisha fizikia shule mbili za binafsi kwa vipindi: hawa hawajafika kwenye kikokotoo. Wamekwama mlangoni, kwenye sharti linaloandikwa kwa mstari mmoja na kupitwa haraka katika kila semina ya wastaafu. Sharti hilo ni miezi 180 ya michango.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Mwanachama wa NSSF akifikisha umri wa miaka 60 (au 55 kwa hiari) na akaunti yake ina michango ya miezi isiyopungua 180, analipwa mkupuo na pensheni ya kila mwezi hadi kufa. Akiwa na miezi 179, hana pensheni. Analipwa mkupuo maalumu, mara moja, na uhusiano wake na Mfuko umeishia hapo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kukata hadi nusu yake kwa mfanyakazi.

Tuweke namba ili tujue kinachogombaniwa mlangoni. Chukua mtu ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Kanuni inazidisha kiasi hicho kwa idadi ya miezi na kugawa kwa 580. Kwa miezi 180 tunapata kama 1,117,000 kwa mwaka. Asilimia 35 ya hiyo inazidishwa mara 12.5 na kuwa mkupuo wa karibu shilingi milioni 4.9. Asilimia 65 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, na kwa kanuni hiyo mzee anapata kama shilingi 60,500 kila mwezi. Si fedha ya kujengea nyumba. Lakini kwa mzee wa Kidatu au Mufindi aliyemaliza nguvu zake shambani, ni unga, mafuta, sabuni na nauli ya hospitali, na inakuja bila kumpigia mtoto simu. Tofauti ya kupata na kukosa hicho inaweza kuwa mwezi mmoja.

Sasa tutazame nani anafika. Mwenye ajira ya mwaka mzima anafikisha miezi 180 kwa miaka 15. Mkata miwa anayefanya kazi miezi minane kwa mwaka, kwa sababu mvua za masika zikianza kiwanda kinasimama kwa matengenezo na mashamba hayapitiki, anahitaji miaka 22 na nusu. Anayepata miezi sita kwa mwaka anahitaji miaka 30. Na saidia fundi anayebahatika kuandikishwa rasmi miezi minne kwa mwaka, maana kazi nyingine zote ni za kulipwa mkononi jioni, anahitaji miaka 45. Kazi ya kubeba zege haifanywi kwa miaka 45. Mgongo hauruhusu.

Hapa lazima tutenganishe watu wawili ambao lugha yetu ya kila siku inawachanganya wote katika “kazi za muda”. Kuna anayefanya kazi saa chache lakini mwaka mzima: mhasibu wa siku tatu kwa wiki, mfagiaji wa ofisi wa asubuhi tu. Huyu, kama mwajiri anapeleka michango, anahesabiwa miezi 12 kila mwaka kama bosi wake. Tatizo lake ni kiasi, kwa kuwa mshahara mdogo unazaa pensheni ndogo. Kisha kuna anayefanya kazi saa nyingi, pengine kumi kwa siku, lakini kwa vipande vya mwaka. Huyu wa pili ndiye anayeumizwa na sharti la miezi. Anaweza kuwa ametoa jasho zaidi ya yule wa kwanza, na hata kuchangia fedha nyingi zaidi, lakini kalenda haimtambui.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria zetu za kazi zinajua vizuri kuhesabu vipande. Fungua amri yoyote ya kima cha chini cha mshahara ya sekta binafsi: kila sekta ina safu ya malipo kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili na kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na kutoa jedwali la kubadilisha mshahara wa mwezi kuwa wa saa. Wakati wa kumlipa kibarua, tuna hesabu hadi ya saa moja. Wakati wa kumhesabia uzee wake, tunabaki na mwezi peke yake.

Na hata miezi anayoifanya, kibarua haipati yote. Chukua taarifa ya michango ya mtu wa mashambani au wa miradi ya ujenzi uisome taratibu. Utaona Juni, Julai, Agosti, kisha pengo. Oktoba ipo, Novemba haipo ingawa alikuwa kazini. Mwaka unaofuata jina la mwajiri limebadilika, kwa kuwa safari hii kaajiriwa kupitia wakala wa vibarua na si kampuni yenyewe. Mwaka wa tatu hakuna chochote, na ukimwuliza atakwambia alifanya kazi miezi saba kwa mnyapara yuleyule, kwenye shamba lilelile. Mkandarasi mdogo alikata fedha kwenye malipo na hakuziwasilisha. Au hakukata kabisa, na kibarua akafurahi kwa sababu kipato cha mkononi kiliongezeka kidogo.

Furaha hiyo nisingeidharau. Wako wanaosema vibarua hawana elimu ya hifadhi ya jamii, ndiyo maana wanakubali kutokatwa. Mimi naona wanapiga hesabu vizuri tu. Mtu anayejua kwamba kwa mwendo wake atafikisha miezi 180 akiwa na miaka 70 ana sababu gani ya kushabikia makato? Kwake NSSF ni kibubu cha lazima, na kibubu ambacho funguo zake anazo mtu mwingine.

Ndiyo maana fao la kujitoa lilipendwa sana. Lilipoguswa mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kulalamika, na si kwa bahati: mgodi ni mahali pa mikataba inayokatika. Mkataba ukiisha, mtu alichukua michango yake, akanunua bodaboda au akapaua nyumba. Lakini alichoacha nyuma ni sifuri. Miezi iliyolipwa haihesabiwi tena. Mtu aliweza kufanya kazi miaka 20 katika kampuni tano, akajitoa mara nne, na kufika uzeeni akiwa na miezi 30 kwenye taarifa yake. Sheria ya 2018 ilikuja na fao la kukosa ajira badala yake: aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila kuacha mwenyewe, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa mantiki ya kulinda miezi, hilo ni bora. Kwa mantiki ya kibarua ambaye msimu wake wa kwanza ulikuwa miezi minane na wa pili ukaishia miezi saba, miezi 18 nayo ni mlango mwingine.

Kuna na hila za waajiri, tuziseme. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki kwa mujibu wa sheria yetu ya ajira haumgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Kiinua mgongo nacho, cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kinataka angalau miezi 12 mfululizo. Mwajiri mwenye mwanasheria mzuri anajua tarehe za kumaliza mkataba. Hakuna kifungu cha pensheni kinachomlazimisha afanye hivyo, lakini matokeo yake kwa pensheni ni yaleyale: mwezi wa tano mtu yuko kazini, mwezi wa sita yuko kijiweni, mwezi wa nane kaitwa tena kama mgeni.

Kwa nini 180? Kabla ya kuwa NSSF tulikuwa na NPF, Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi ulioanza mwaka 1964. Ule ulikuwa wa akiba: ulichoweka, pamoja na cha mwajiri na faida, ndicho ulichochukua. Haukuwa na mlango wa miezi 180 kwa sababu haukuahidi pensheni. Sheria namba 28 ya 1997 ilipougeuza kuwa NSSF, tulipata ahadi ya malipo hadi kufa, na ahadi hiyo ikaja na sharti lake. Miaka 15 si namba ya kuokota. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja miaka 15 ya michango au ya ajira kama kipindi cha kumfanya mtu astahili angalau pensheni iliyopunguzwa. Ni kipimo kilichowekwa enzi ambazo picha ya mfanyakazi ilikuwa mwanamume wa kiwandani, analipwa mwisho wa mwezi, mwajiri mmoja tangu ujana.

Nchi zilizokuwa na wanaume wengi wa aina hiyo hazikubaki hapo. Ujerumani leo mtu anahitaji miaka mitano tu ya michango ili apate pensheni ya uzee, ndogo kulingana na alichochangia. Uingereza, kwa pensheni mpya ya serikali, ni miaka 10 ili upate chochote na 35 ili upate kamili. Marekani ni kama miaka 10. Yaani nchi ambazo ajira ya kudumu ni jambo la kawaida zina mlango mfupi kuliko wetu, na sisi ambao ajira rasmi ni ya kuchungulia tuna mlango mrefu. Kama kuna mantiki ya kiuchumi hapo, inahitaji kuelezwa kwa sauti.

Marekani inafaa tuitazame kwa karibu, kwa kuwa ndani ya nchi moja kuna vipimo viwili, na kimoja kimewaumiza wafanyakazi wa muda kwa karibu nusu karne huku kingine kikiwabeba. Na si habari za mbali: Watanzania, Wakenya na Wakongo wangapi wako kwenye nyumba za kulelea wazee na maghala ya mizigo huko, wakifanya zamu za vipande?

Kipimo cha kwanza ni cha mifuko ya waajiri. Sheria inayoitwa ERISA, iliyosainiwa na Rais Gerald Ford Septemba 1974, iliruhusu mwajiri kumweka nje ya mpango wa pensheni mfanyakazi asiyefikisha saa 1,000 kwa mwaka. Gawa kwa wiki 52 upate saa 19 na ushee. Anayefanya saa 18 kwa wiki anafikisha saa 936 na kukosa kwa saa 64. Wanaopanga zamu wanaijua hesabu hiyo kuliko wanaofanya zamu. Na hata aliyeingia anaweza kutoka: akishuka hadi saa 500 au chini yake katika mwaka, mpango unaweza kumhesabu kuwa amekatiza utumishi, na kwa ambaye haki yake kwenye fedha za mwajiri haijakomaa, kukatiza kuna gharama. Ilichukua hadi Desemba 2019 kwa Bunge lao kupitisha sheria ya SECURE iliyosema kwamba mfanyakazi wa muda mwenye angalau saa 500 kwa miaka mitatu mfululizo lazima aruhusiwe kuweka akiba kwenye mpango wa kampuni. Miaka ilianza kuhesabiwa 2021, kwa hiyo wa kwanza waliingia Januari 2024. Sheria ya pili, ya Desemba 2022, ikapunguza mitatu kuwa miwili kuanzia 2025. Hata hivyo ni ruhusa ya kuweka fedha zake mwenyewe. Mwajiri hajalazimishwa kumwongezea hata senti.

Kipimo cha pili ni cha Social Security, mfuko wa taifa. Hapa unahitaji alama 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Zamani alama ilihesabiwa kwa robo mwaka: uwe umelipwa angalau dola 50 ndani ya miezi hiyo mitatu. Aliyefanya kazi kiangazi tu alipata robo moja au mbili. Mwaka 1978 wakabadilisha. Wakaacha kuuliza “ulifanya kazi miezi gani?” wakaanza kuuliza “umepata kiasi gani mwaka huu?” Alama moja ikawa dola 250 za mapato ya mwaka, na kiwango kinapanda kila mwaka kufuata mishahara. Mwaka 2025 alama moja ilikuwa dola 1,810, na zote nne dola 7,240. Ukizipata kwa miezi miwili ya kufunga mizigo ya Krismasi au kwa miezi 12 ya zamu za Jumamosi, ni sawa. Ukizipata kwa waajiri watatu, zinajumlishwa. Na alama hazifi: ukikaa miaka minane unalea watoto, unazikuta ulipoziacha.

Sababu ya mabadiliko hayo ilikuwa ya kiofisi zaidi kuliko ya huruma, maana waajiri walihamia kupeleka taarifa za mishahara mara moja kwa mwaka badala ya kila robo. Lakini mfanyakazi wa msimu ndiye aliyenufaika. Serikali ilibadilisha fomu, na mtu aliyekuwa haonekani akaonekana.

(Kwa walioko huko: Marekani haina makubaliano ya kuunganisha michango na Tanzania wala Kenya. Alama zako 32 za Minnesota haziwezi kujaziwa na miezi 60 ya NSSF. Kila upande unahesabu peke yake, kwa hiyo kabla ya kurudi nyumbani jumla, tazama umebakiza alama ngapi.)

Alama za Marekani zina upande wa pili ambao wasifiaji huusahau. Zinafungua mlango tu. Kiasi cha pensheni kinatokana na wastani wa mapato ya miaka 35 bora, na mwaka usiofanya kazi unaingia kama sifuri. Mfanyakazi wa muda anaingia, ndiyo, lakini anaketi kwenye kiti cha nyuma. Ninaona hilo ni haki. Kufuzu na kiasi ni mambo mawili, na kosa la mfumo wetu ni kuyafunga kwenye kitu kimoja, yaani mwezi.

Majirani zetu Wakenya wamekwenda njia nyingine kabisa. NSSF yao, kwa Sheria ya 2013 iliyoanza kutekelezwa kwa dhati Februari 2023 baada ya kesi ndefu, inakata asilimia sita kwa mfanyakazi na sita kwa mwajiri, na kila mtu ana akaunti yake inayokua kwa faida. Hakuna miezi 180. Kibarua wa Naivasha aliyechangia miezi 11 ana fedha za miezi 11. Aidha Sheria yao ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa kutwa akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi, au kazi isiyoweza kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wana hata historia ya kumfuata mtu wa jua kali alipo: Mpango wa Pensheni wa Mbao wa mwaka 2011 ulijengwa juu ya shilingi 20 kwa siku kupitia simu. Kwa kibarua, mfumo huo hauna dhuluma ya mlangoni. Lakini pia hauna ahadi. Hatari yote anaibeba yeye: akiishi miaka 90, akiba yake haijui. Wakati wa sheria ya zamani mchango ulikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, na wastaafu wengi wa enzi hizo wanajua kilichotoka humo.

Sitaki turudi kwenye NPF. Ahadi ya malipo hadi kufa ni kitu cha thamani, na Tanzania ilifanya vyema kuiweka mwaka 1997. Ninachotaka ni mlango upimwe upya. Acha miezi 180 ibaki, lakini mwezi uhesabiwe kwa mapato ya mwaka. Tuseme kima cha chini katika sekta ni shilingi 150,000. Mkata miwa aliyelipwa kwa kazi, wastani wa 250,000 kwa mwezi kwa miezi minane, amepata milioni mbili. Gawa kwa 150,000: ni zaidi ya 13. Mhesabie 12, usizidishe hapo hata kama amepata milioni kumi, na mwaka wake umekamilika. Kwa mwendo huo anafika kwenye 180 kwa miaka 15 kama mtu wa ofisini, kwa sababu kwa mwaka mzima amechangia kama mtu wa kima cha chini aliyefanya kazi miezi yote 12, na zaidi.

Watakaopinga kwanza ni wataalamu wa tathmini ya Mfuko, na wana hoja. Ukifungua mlango, wanaolipwa hadi kufa wanaongezeka. Jibu liko kwenye kutenganisha vitabu viwili: miezi ya mapato itumike kwa kufuzu pekee, na kikokotoo kiendelee kutumia michango halisi iliyoingia. Mkata miwa wetu atafuzu, lakini pensheni yake itakokotolewa kwa miezi 120 aliyochangia kweli katika miaka hiyo 15. Kwa mshahara uleule wa 300,000 wa mfano wa mwanzo, hiyo ni theluthi mbili ya 60,500, kama 40,300 kwa mwezi. Mfuko haumpi zawadi. Unampa kwa vipande vya kila mwezi kile ambacho leo unampa kwa mkupuo mmoja unaoisha kabla ya mvua za pili.

Watasema pia kwamba malipo madogo yana gharama za kuyaendesha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito enzi za hundi na foleni za posta. Leo mzee anaweza kulipwa kwa simu.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, halitoki kwa wataalamu. Ni kwamba hesabu ya mapato ya mwaka inataka mapato yote yaonekane, na mwajiri anayeficha mwezi leo ataficha shilingi kesho. Hapo sina dawa ya haraka. Ila natambua kwamba mfumo wa sasa unampa kibarua sababu ya kushirikiana na mwajiri kuficha, kwa vile mchango wa mwezi wa tatu haumsogezi popote anapopaona. Kila shilingi iliyowasilishwa ikiwa inasogeza hesabu yake ya mwaka, atakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini Novemba haipo.

Wakati sheria haijabadilika, nafasi iliyopo ni ndogo lakini ipo. NSSF inapokea wanaojichangia wenyewe, kwa hiyo kibarua anaweza kujaza miezi ya masika kutoka mfukoni, kama mfukoni kuna kitu wakati huo wa mwaka, jambo ambalo kwa kawaida halipo. Wenye uwezo wa kulibeba hili ni vyama vya wafanyakazi. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, wanakaa mezani na wamiliki wa mashamba makubwa kujadili mikataba ya hali bora, na kwa miaka mingi meza hiyo imekuwa ya kiwango cha ujira, gambuti na posho ya chakula. Kipengele kimoja kinaweza kuongezwa bila kumsubiri waziri: kwamba kwa kibarua anayerejea msimu wa pili mfululizo, mchango wa miezi ya kusimama utolewe kidogokidogo kwenye malipo ya msimu, nusu kwa nusu na mwajiri, na uwasilishwe kila mwezi wa kusimama kwa jina lake na namba yake ileile ya uanachama. Kwa mshahara wa kukokotolea wa shilingi 150,000, mchango wa mwezi ni 30,000, na sehemu ya mwajiri ni 15,000. Miezi minne ya kusimama ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kila mkata miwa. Kiwanda cha sukari kinachosema hakiziwezi kitutolee hesabu zake tuzione.